Miguu Sita Kuelekea Irente

Julai 2020 kikosi cha uokoaji milimani cha Wasdale, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kilipigiwa simu kuhusu mgonjwa aliyekwama Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote nchini humo, mita 978. Mgonjwa mwenyewe alikuwa Daisy, mbwa jike wa aina ya Saint Bernard mwenye uzito wa kilo 55. Kileleni alishafika na wenyewe. Wakati wa kushuka miguu ya nyuma ikamuuma, akajilaza njiani, akagoma kunyanyuka. Watu 16 wa kujitolea wakapanda kumfuata, wakambembeleza kwa vitafunio mpaka akakubali kulazwa kwenye machela, wakamteremsha. Kazi nzima iliwachukua saa tano.

Kilichoifanya habari hiyo ivume ni ukoo wa Daisy. Saint Bernard ndio mbwa waliofugwa na watawa katika njia ya Great St Bernard, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, mpakani mwa Uswisi na Italia, ambako walisaidia kuwatafuta wasafiri waliopotea kwenye theluji. Mmoja wao, Barry, anasifiwa kwa kuokoa zaidi ya watu 40 mwanzoni mwa karne ya 19. Alikufa mwaka 1814, na hadi leo umbo lake limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya viumbe asilia mjini Bern. Wengi walifurahishwa na kisa cha uzao wa waokoaji kwenda kuokolewa. Kuna jambo zito zaidi ndani yake, nalo ni kwamba Daisy aligoma. Mbwa wengi hawagomi. Humfuata mwenyewe mpaka nyayo zinavuja damu, na mwenyewe anapogundua, nyumbani kumeshakuwa mbali.

Hilo linafaa kujulikana mapema, kwa sababu kupanda milima siku za mapumziko kumeshika kasi miongoni mwa watu wa mijini Afrika Mashariki. Jumamosi alfajiri magari yanatoka Nairobi kwenda Ngong, yanatoka Dar es Salaam kwenda Uluguru na Usambara. Mwenye mbwa aliyezoea kumzungusha mtaani jioni huanza kujiuliza kwa nini asimchukue naye. Anaweza kumchukua, na siku hiyo inaweza kuwa ya raha kubwa kwa wote wawili, mradi aipange kwa kipimo cha mbwa.

Swali la kwanza ni mlima gani. Kilimanjaro hapana. Meru hapana, Udzungwa hapana, Mlima Kenya hapana. Yote hiyo imo ndani ya hifadhi za taifa, na wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi kuingizwa huko. Wapo wanaolalamika langoni kwamba mbwa wao ni mpole, hajawahi kumkimbiza hata kuku. Upole si hoja. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliingia Serengeti na kuua takriban simba 1,000, kama theluthi moja ya simba wote wa eneo lile. Watafiti walipofuatilia chanzo walifika kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mbwa mmoja anayeonekana mzima anaweza kuacha kinyesi au mate mahali ambapo mnyama wa porini atapita kesho yake.

Mfano wa Ethiopia unaumiza zaidi, maana wenyewe ni wa milimani hasa. Mbwa mwitu wa Ethiopia, mnyama mwekundu mwenye miguu mirefu anayeishi nyanda za juu kupita mita 3,000, wamebaki chini ya 500 duniani, na wengi wao wako Milima ya Bale. Mara kadhaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wamekumbwa na kichaa cha mbwa na distempa, magonjwa yanayotoka kwa mbwa wa wafugaji wanaopandisha mifugo huko. Wahifadhi wanachanja maelfu ya mbwa wa vijijini ili kuwalinda wale wachache wa porini. Anayejua habari hizo hawezi tena kumwona askari wa langoni kuwa mkorofi.

Kinachobaki, nacho ni kingi, ni milima ya watu: ile yenye vijiji, mashamba na njia za miguu ambazo wenyeji wanazitumia kwenda sokoni na shuleni. Mjini Nairobi, Msitu wa Karura unaruhusu mbwa wakiwa wamefungwa kamba, na ni mahali pazuri pa kumzoesha kabla ya vilima vyenyewe. Kwa Tanzania, ni vigumu kupata mahali bora kuliko Usambara Magharibi. Mji wa Lushoto uko kwenye mita zipatazo 1,400, hewa yake ni baridi, na njia ya kwenda kwenye mwamba wa Irente inapita kati ya makazi ya watu. Kwenda na kurudi kwa miguu ni safari ya nusu siku kwa mtu asiye na haraka, siku nzima kwa mwenye mbwa na busara. Misitu ya hifadhi iliyo jirani, kama Magamba wanakoishi mbega, ni afadhali kuiachia mbega wenyewe.

Safari inaanzia barabarani. Kutoka Mombo, kwenye barabara kuu ya Tanga na Moshi, gari linapanda takriban kilomita 30 za kona kali, na mbwa asiyezoea gari atatapika kabla ya kufika Soni. Dawa yake ni kumpakia tumbo likiwa halijashiba, dirisha likiwa wazi kidogo, na kusimama njiani. Ni bora kulala Lushoto usiku mmoja kuliko kuteremka garini na kuanza kupanda papo hapo. Asubuhi apewe chakula kidogo, saa mbili au zaidi kabla ya kuondoka. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama jamani shepadi, wakishiba kisha wakakimbia wako katika hatari ya tumbo kujaa gesi na kujisokota, na hiyo ni dharura ya upasuaji ambayo haisubiri gari lirudi Tanga.

Kuondoka ni saa kumi na mbili na nusu, mwanga unapoanza kukolea. Sababu si uzuri wa mawio, ingawa ukungu unaojaza bonde la Lushoto wakati huo unastahili kuamkiwa. Sababu ni joto. Binadamu hutoa jasho mwili mzima. Mbwa ana tezi za jasho chini ya nyayo tu, na tegemeo lake kubwa la kujipoza ni kuhema. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Watafiti wa Uingereza walipochambua rekodi za kliniki za wanyama waligundua kwamba takriban robo tatu ya mbwa waliozidiwa na joto hawakuwa wameachwa ndani ya gari, kama wengi wanavyodhani, bali walikuwa wakifanyishwa mazoezi: kutembea, kukimbia, kucheza. Tena huko ni Uingereza, nchi ya mawingu. Mwenye mbwa wa pua fupi, kama bulldog au pug, aelewe kwamba njia za hewa za mnyama wake ni nyembamba na kuhema kwake hakumpozi vya kutosha. Huyo atembezwe Lushoto mjini kwenye vivuli. Irente si yake.

Kuna alama za kusoma. Ulimi kutanuka na kuning'inia kupita kiasi, mate kuwa mazito ya kunata, ufizi kuiva wekundu, mbwa kutafuta kila kivuli na kujitupa humo. Akianza kuyumba, safari imekwisha. Papo hapo amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa, kabla ya kufikiria kumkimbiza popote, kwa kuwa dakika za mwanzo ndizo zinazoamua kama atapona.

Kutoka mjini njia inapandisha taratibu kupita migomba, kabichi na miti ya matunda, kuelekea Yoghoi na kisha Irente. Hapa mbwa anakutana na watu, na ndipo tabia ya mwenyewe inapopimwa kuliko ya mnyama. Kwa wenyeji wengi mbwa ni mlinzi wa usiku au mfukuza nyani na nguruwe shambani. Hatembezwi kwa kamba wala haitwi kwa jina la mtoto. Wanafunzi wanaoteremka kwenda shule huwaogopa mbwa kwa sababu wamewahi kung'atwa au kumwona mwenzao akiumwa. Kusema kwa sauti kwamba huyu hang'ati hakumsaidii mtoto aliyekwishapanda tuta. Kinachomsaidia ni kumwona mbwa amefungwa kamba fupi, amewekwa upande wa pili wa njia, na mwenyewe amesimama kumpisha na kumsalimia.

Usambara ni nyumbani kwa Walutheri wengi na Waislamu wengi. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani na bara kwetu, mate ya mbwa ni najisi nzito, na palipoguswa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mzee aliyevaa kanzu safi akielekea swala ya Ijumaa hana sababu ya kutaka pua yenye maji iguse pindo lake, na akiwa na haraka anahesabu kabisa kazi itakayomkuta. Kamba fupi hapa ni adabu, sawa na kuvua viatu mlangoni. Ni hivyo pia kwenye visima na mabomba ya kijiji: mbwa anywe kutoka bakuli lake lililochotewa maji pembeni, asipewe nafasi ya kulamba ndoo ya mtu.

Adabu hiyo haina maana kwamba mbwa ni wa kudharauliwa. Kila aliyesoma chuoni anaijua Sura ya Al-Kahf, habari ya vijana waliokimbilia pangoni wakalala miaka mingi, na mbwa wao akiwa amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Anaijua pia hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa madhambi yake. Mwenye mbwa anayesimama kwenye mteremko wa Yoghoi kumimina maji bakulini anafanya jambo ambalo wazee wanaomtazama wanalielewa vizuri. Mara nyingi ndipo maswali yanapoanza: anakula nini, ana umri gani, anauzwa?

Halafu kuna mbwa wa vijijini, wanaotoka uani wakibweka mara tu wanaponusa mgeni. Kukimbia ni kosa, na kumwachia wako kamba apigane ni kosa kubwa zaidi. Kupita polepole bila kuwakazia macho hutosha mara nyingi. Wakisogea, kuinama kama mtu anayeokota jiwe huwarudisha nyuma, maana mbwa wa kijiji amejifunza maana ya ishara hiyo tangu utotoni. Hatari yenyewe iko kwenye jino. Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Dalili zikishatokea hakuna tiba. Mbwa wa kupanda mlima awe amechanjwa, kadi ya chanjo iwe mfukoni. Na mtu aliyeng'atwa, na mbwa yeyote, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Kilele kinaweza kusubiri.

Baada ya nyumba kupungua, mwinuko unakaza, na mbwa anaanza kufanya kile kinachowavutia watu kwenda naye mlimani. Anatangulia mpaka kamba inyooke, anageuka kutazama, anarudi, anatangulia tena. Kila jani lina habari. Mtu aliyekuja akiwaza marejesho ya mkopo au bosi wake analazimika kusimama penye jiwe la kawaida kabisa kwa dakika nzima kwa sababu mwenzake amekuta humo taarifa muhimu. Kwa mwendo huo anaona mengi ambayo angeyapita: kinyonga aliyeshika kijiti, mfereji wa maji uliochimbwa kwa jembe la mkono kuzunguka kilima, ukungu unavyochanika kutoka juu kwenda chini.

Furaha hiyo ya mbwa ndiyo iliyomfanya Tschingel kuwa mpanda milima mashuhuri kuliko mbwa wote wa karne ya 19. Alikuwa jike mdogo mwenye damu ya beagle, aliyenunuliwa akiwa mtoto mwaka 1865 na Christian Almer, mwongozaji wa milima wa Grindelwald, Uswisi, aliyemvusha kwa miguu katika njia ya barafu ya Tschingel na kumpa jina hilo. Mwaka 1868 Almer alimwongoza kijana wa Kimarekani, W. A. B. Coolidge, kujaribu kupanda Eiger. Walishindwa, na kijana akavunjika moyo. Almer akampa mbwa wake awe kifuta machozi.

Coolidge alikuwa akisafiri na shangazi yake, Meta Brevoort, mmoja wa wanawake wa kwanza kupanda vilele vikubwa vya Alps. Kwa miaka iliyofuata watatu hao walipanda pamoja. Tschingel alifungwa kamba kupitia kwenye mkanda wake wa shingoni kama wapandaji wengine, akatembea juu ya barafu, na akasifiwa kwa kunusa na kukwepa nyufa zilizofunikwa na theluji. Alipenda mvinyo mwekundu na chai nyepesi. Kwa jumla anahesabiwa kuwa alipita vilele na njia kubwa za juu 66, na mwaka 1875 alifika Mont Blanc. Klabu ya wapandaji ya Uingereza, Alpine Club, wakati huo haikupokea wanawake, kwa hiyo Brevoort hakuweza kuwa mwanachama. Lakini Tschingel alikuwa akitajwa kama mwanachama wa heshima. Fikiria mwanamke aliyesimama kwenye kilele kile kile akiisikia habari hiyo.

Sifa hizo hurudiwa sana. Nyayo zake hazitajwi sana. Barafu na mawe vilizikata mara kwa mara, akashonewa viatu vya ngozi, akavivua. Aliendelea kwa sababu waliokuwa mbele yake waliendelea. Alikuwa na bahati ya kuwa na wenzake walioijua milima na waliomchunga. Alikufa 1879, mzee.

Novemba 2018 kisa cha namna hiyo kilitokea Nepal. Mbwa wa mitaani, jike wa kilo zipatazo 20, aliufuata msafara wa wapandaji uliokuwa ukishuka Mera Peak. Wakampa jina la Mera. Hakualikwa, alijiunga, akalala kwenye hema la kiongozi wa msafara, na walipoanza kupanda Baruntse akapanda nao mpaka kileleni, mita 7,129. Waliojaribu kumwacha kambini walimkuta amewafuata. Nyayo zake zilitoka damu, na katika sehemu za hatari za kushuka ilibidi afungwe kamba. Hakuna rekodi inayofahamika ya mbwa aliyewahi kufika juu kiasi hicho. Baadaye alichukuliwa na mmoja wa wafanyakazi wa msafara, akapata kwao. Dunia ilimpongeza kwa ushujaa, naye anastahili, lakini mtu akisoma kisa hicho polepole anaona kitu kingine: mnyama aliyepata kundi lake, na ambaye kuachwa nyuma kulimtisha kuliko baridi.

Kwa hiyo mwenye mbwa ndiye anayepaswa kuchoka kwa niaba yake. Njiani kwenda Irente maana yake ni kusimama kila baada ya nusu saa hivi hata kama mbwa haonyeshi kutaka. Bakuli la kukunjwa linatolewa, maji kidogo kidogo badala ya mengi kwa mara moja. Mbwa wa kilo 20 hunywa karibu lita moja kwa siku akiwa nyumbani; mlimani abebewe mbili au zaidi, mbali na maji ya mtu. Kila kituo nyayo zote nne zinainuliwa na kukaguliwa katikati ya vidole, ambako miiba na vijiwe hujificha. Zikipuuzwa, mbwa huchechemea kwa kilomita tatu kabla mtu hajagundua.

Irente yenyewe inatokea ghafla. Njia inaisha kwenye mwamba, na mbele hakuna kitu ila hewa. Chini kabisa, kama mita elfu moja, imelala nyika ya Maasai, barabara kuu ikiwa uzi mwembamba, na mistari ya mashamba ya mkonge upande wa Mazinde. Wageni hukimbilia ukingoni kupiga picha. Mwenye mbwa asifanye hivyo. Mbwa hajui umbali wa kuanguka. Anajua mjusi aliyepita juu ya jiwe. Kabla ya mita 20 za mwisho kamba inafupishwa na kuzungushwa mkononi, ikiwa imefungwa kwenye mkanda wa kifuani, maana ule wa shingoni huvuka kichwa mbwa anapojivuta nyuma. Mandhari yanaonekana vizuri sana kutoka hatua kumi nyuma. Kisha ni chakula cha mchana, na Irente wanauza jibini, mkate na jamu za huko huko shambani kwao. Mbwa apate sehemu yake ya chakula chake, kivulini, na saa nzima ya kulala.

Saa hiyo ya mapumziko ndiyo ya kuamua. Kuendelea na njia ndefu ya kuzungukia vijiji vingine, au kurudi? Mtu mwenye nguvu bado, jua likiwa zuri, hushawishika. Hapo ndipo inafaa kukumbuka kilichotokea Mlima Bierstadt, Colorado, Marekani, mlima unaozidi mita 4,200. Agosti 2012 mwanamume mmoja na mwenzake waliupanda na mbwa wa mwanamume huyo, jamani shepadi jike aitwaye Missy. Waliendelea kwenye kingo kali za mawe kati ya mlima huo na jirani yake, nyayo za Missy zikachanika akashindwa kutembea, dhoruba ikawa inakuja. Mwanamume alijaribu kumbeba mbwa mkubwa kiasi kile kwenye mawe, akashindwa. Akamwacha. Aliomba msaada wa waokoaji, wakaona hawawezi kuhatarisha watu kwa ajili ya mbwa.

Karibu wiki moja baadaye wapandaji wengine walimkuta amejikunja kati ya mawe, akiwa hai, damu imemkaukia miguuni. Nao hawakuweza kumbeba. Walimpa maji wakashuka kutafuta watu. Kundi la kujitolea lilipanda, likamtia kwenye mkoba wa mgongoni na kupokezana kumteremsha kwa saa nyingi, theluji ikianguka. Alipona. Mwenyewe alishtakiwa kwa ukatili kwa wanyama, akakiri kosa, akampoteza mbwa wake kwa familia nyingine. Watu waligawanyika sana juu ya mtu yule. Wapo waliomwona katili, wapo waliomwona aliyebanwa kati ya mbwa na uhai wa mwenzake aliyekuwa naye. Pande zote mbili zinatazama saa ya mwisho. Kosa lilikuwa limetendeka mapema, kwenye sehemu ambayo njia ilikuwa bado rahisi na nyayo za Missy zikawa zimeanza tu kuuma.

Kipimo kimoja rahisi kinaepusha mengi: je, waliopo wanaweza kumbeba mbwa huyu kutoka hapa mpaka barabarani? Mbwa wa kilo 12 hubebwa mabegani na mtu mmoja. Wa kilo 35 huhitaji watu wawili au watatu na shuka imara la kufungwa mfano wa machela. Mtu aliye peke yake na mbwa wa kilo 50 asiende mahali ambapo gari au pikipiki haifiki. Mbwa mdogo kiumri naye asubiri. Mifupa yake inaendelea kukua mpaka mwaka mmoja, na kwa aina kubwa mwaka mmoja na nusu, na mizunguko mirefu ya mawe huumiza viungo ambavyo havijakomaa. Kwa kweli anayefaa kuliko wote ni yule ambaye wengi hawamfikirii, mbwa wa kienyeji: mwili wa wastani, manyoya mafupi, pua ndefu, miguu myepesi.

Kushuka hudhaniwa kuwa kupumzika. Kwa mbwa ni kazi ngumu kuliko kupanda. Hata akiwa amesimama tambarare, miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake, na mteremko huongeza mzigo huo mabegani. Daisy naye aliishia njiani wakati wa kushuka. Mwendo uwe wa polepole, kamba isimvute, na mahali penye hatua ndefu ya mawe asaidiwe kwa mkono chini ya kifua badala ya kuachwa aruke. Mchana ukikaribia saa nane jua la Usambara linakuwa kali hata pale hewa inapokuwa baridi, na lami ya kuingilia mjini inachoma. Mgongo wa kiganja ukiwekwa juu yake kwa sekunde saba na kushindikana kuvumilia, mbwa apitishwe kwenye nyasi.

Jioni nyumba ya wageni iliyokubali mbwa, jambo la kuulizwa kwa simu kabla ya kutoka nyumbani, inampa pembe yenye kivuli na maji. Kuna ukaguzi mmoja zaidi ambao hauahirishwi mpaka kesho, nao ni wa kupe. Ndani ya masikio, makwapani, kati ya vidole, chini ya mkia: kupe hupenda palipojificha. Anashikwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kuvutwa moja kwa moja bila kupindwa, bila mafuta ya taa wala kiberiti. Njia za malisho ya ng'ombe na mbuzi zina kupe wa kutosha, na hao wanaambukiza magonjwa ya damu yanayoua mbwa wengi Afrika Mashariki. Dalili hazionekani siku hiyo. Hutokea baada ya wiki moja, hata tatu: mbwa anakataa chakula, joto linapanda, ufizi unapauka, mkojo unakuwa wa rangi nzito. Atakayemwona hivyo ampeleke kwa daktari wa mifugo bila kusubiri, na amtajie tarehe aliyotembea Usambara na njia aliyopita, ili kipimo cha damu kianze na magonjwa ya kupe.